Kondo la Nyuma: Seli Zinazotembea na Vijilango vya Chumvi



Mama akishajifungua, kazi yetu wakunga huwa bado haijaisha. Tunasubiri kondo la nyuma. Likitoka tunaliweka kwenye beseni, tunaliosha damu, kisha tunaligeuza pande zote mbili na kulichunguza kama limetoka zima, maana kipande kidogo kikibaki ndani mama anaweza kutokwa na damu nyingi. Kwa kawaida lina uzito wa gramu 500 hivi na upana wa sahani. Upande wa mtoto unang'aa, na ndipo kamba ya kitovu ilipojishikiza. Upande wa mama una mafungu mafungu mekundu kama ini. Baada ya hapo ndugu wengi hulichukua wakalizike, kila watu kwa desturi yao.

Bibi mmoja aliyekuja kulichukua kondo la mjukuu wake alilitazama kwa muda mrefu, kisha akatuuliza: "Sista, kitu hiki kilijishikizaje humo ndani? Nani alikishona?" Tulicheka, lakini swali lake ni la maana sana. Wataalamu wamelitafutia jibu kwa miaka mingi, na jibu lenyewe linagusa ugonjwa unaowaua kina mama, yaani kifafa cha mimba. Kwa hiyo katika ukurasa huu tunataka kumjibu bibi yule kwa kirefu kidogo. Msomaji atuvumilie mahali penye maneno magumu.

SELI ZINAZOTEMBEA

Yai likisharutubishwa husafiri ndani ya mrija kwa siku kadhaa, huku likijigawa. Ifikapo siku ya 6 au ya 7 linagusa ukuta wa mji wa mimba. Wakati huo ni kifurushi cha seli kidogo kama chembe ya mchanga, na mama mwenyewe hajui lolote. Lakini tayari seli zimegawana kazi. Zile za ndani ndizo zitakazokuwa mtoto. Zile za nje, ambazo huitwa trofoblasti, ndizo zitakazojenga kondo.

Hapa tutaje jambo ambalo wengi hawalijui. Kondo si kiungo cha mama. Limetokana na yai lile lile lililomtoa mtoto, na nusu ya asili yake ni ya baba. Ni sehemu ya mtoto iliyotumwa kwenda kuomba chakula na hewa kwa mama. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki. Kila moja hubaki upande wake, na kati yao kuna utando mwembamba ambao vitu hupitishwa. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho ya fikra, kumbuka mikoko ya pwani. Matawi madogo madogo ya kondo hukaa ndani ya damu ya mama kama mizizi ya mkoko inavyokaa ndani ya maji ya bahari.

Sasa, si seli zote za trofoblasti hubaki kwenye matawi hayo. Nyingine hutoka kwenye ncha zake, zikaingia ndani ya ukuta wa mji wa mimba, zikaanza kutembea. Ndiyo, zinatembea kweli, moja moja na kwa makundi, zikijipenyeza katikati ya seli za mama. Hupita lile tabaka laini la juu, zikafika kwenye msuli, na katika mimba ya kawaida husimama zikiwa zimeingia theluthi ya kwanza ya msuli huo.

Zinatafuta nini huko? Zinatafuta mishipa ya damu. Ukuta wa mji wa mimba, mahali kondo linapokaa, una mishipa midogo ipatayo mia moja hivi, iliyojisokota kama kamba. Mishipa hiyo ina nyama inayoweza kuibana, kama mtu anavyobana mpira wa maji kwa vidole. Seli za trofoblasti zinapoifikia huondoa nyama ile na kukaa mahali pake. Midomo ya mishipa hupanuka mara 5 hadi 10 kuliko mwanzo, ikawa kama faneli, wala haiwezi tena kujibana. Kazi hii hufanyika kwa kiasi kikubwa katika nusu ya kwanza ya mimba. Katika majuma ya mwanzo seli hizo hata huiziba midomo ya mishipa kama gunzi kwenye chupa, ili kondo changa lisijazwe damu kabla ya wakati. Kuanzia juma la 10 au la 12 vizibo hivyo hulegea, na damu ikaanza kuingia kwa wingi. Mwishoni mwa mimba zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika mji wa mimba kila dakika.

Wasomaji wetu wa Kilimanjaro wanaijua mifongo, ile mifereji inayoleta maji mashambani. Mfongo wenye mdomo mpana huleta maji mengi kwa upole, yakatandaa na kulowesha migomba. Lakini ukiyapitisha maji yale yale kwenye bomba jembamba, yatatoka kwa kishindo, yatachimba udongo na kung'oa miche. Ndivyo ilivyo kwa kondo. Mshipa mpana humpa mtoto damu nyingi na ya taratibu. Mshipa mwembamba hutoa damu kidogo inayopiga kwa nguvu na kuumiza yale matawi laini.

VIJILANGO VYA CHUMVI

Seli haina miguu. Itatembeaje basi?

Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta. Maji ya mwilini yana madini yaliyoyeyuka, kama sodiamu ile iliyo katika chumvi ya mezani, na potasiamu iliyojaa kwenye ndizi na viazi, na kalsiamu iliyo katika maziwa na mifupa. Yakiwa yameyeyuka hivyo, kila punje ya madini hubeba umeme kidogo, nayo huitwa ayoni. Ayoni haiwezi kupenya utando wa mafuta. Lazima ipite mlangoni. Na milango ipo: ni vitundu vidogo mno vya protini vilivyotobolewa katika utando, vinavyofunguka na kufunga. Sisi tunapowafundisha wanafunzi wa uuguzi tunaviita vijilango. Kila kimoja kina mgeni wake: hiki hupitisha sodiamu na kukataa kalsiamu, kile hupitisha potasiamu tu.

Kwa muda mrefu vijilango hivi vilikuwa jambo la kukisia. Kisha wanasayansi wawili wa Ujerumani, Erwin Neher na Bert Sakmann, wakabuni njia ya kubandika ncha ya kioo chembamba sana juu ya utando wa seli na kupima umeme unaopita katika kijilango kimoja tu. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko Marekani walikitambua kijilango kinachofunguliwa na pilipili. Ndiyo maana ukitafuna pilipili kichaa unahisi moto ingawa ulimi haujaungua: kijilango kimefunguka, ayoni zimeingia kwenye neva, na neva imepeleka habari ya moto. Mwaka 2010 Ardem Patapoutian na wenzake wakagundua vijilango vinavyofunguka seli inapobanwa au kuvutwa, wakaviita Piezo. Julius na Patapoutian nao walipewa Nobel, mwaka 2021.

Turudi kwa seli yetu inayotaka kutembea. Nje ya seli kalsiamu ni nyingi kuliko ndani kwa kiasi cha mara 10,000 hivi. Kwa hiyo kijilango cha kalsiamu kikifunguka hata kwa nukta moja, kalsiamu huingia kwa kasi kama watu kwenye basi la mwisho la jioni. Ndani ya seli kuna nyuzi za protini, ndugu wa zile zilizomo kwenye misuli yetu. Kalsiamu ndiyo inayoziambia nyuzi hizo zijikaze. Seli husukuma mbele kipande cha mwili wake, ikakishikiza chini, kisha nyuma nyuzi zikajikaza na kuuvuta mkia. Wakati huo huo, upande wa mkia, vijilango vya potasiamu hufunguka. Potasiamu hutoka, maji huifuata, na mkia husinyaa ukawa rahisi kuvutwa. Kisha huanza tena. Mtu aliyewahi kumtazama konokono akipanda ukuta baada ya mvua ameona kitu kinachofanana na hicho, ila safari ya seli ni ya polepole zaidi, na huonekana kwa darubini tu.

Vijilango vya Piezo navyo vimeonekana kwenye seli za kondo na kwenye seli zinazotandika mishipa ya damu. Ukifikiri utaona vina maana mahali hapo, kwa sababu seli inayojipenyeza kati ya nyama ngumu inabanwa kila upande, na ile iliyofika ndani ya mshipa inasuguliwa na damu inayopita.

Na sodiamu je? Huko Buenos Aires, nchini Argentina, watafiti walizitumia seli zinazoitwa BeWo, ambazo zimekuwa zikioteshwa katika maabara tangu miaka ya 1960 na zilitokana na saratani ya kondo. Seli huachwa zijae chini ya kisahani, kisha hukwaruzwa mstari katikati, na mtafiti hupima zinachukua muda gani kutembea na kuuziba mstari ule. Katika taarifa yao ya mwaka 2013 walieleza kwamba homoni ya aldosteroni, ambayo huongezeka sana mwilini mwa mjamzito, iliziharakisha seli hizo, na dawa ya amilorayidi, inayofunga kijilango cha sodiamu, ilizichelewesha. Wauguzi wenzetu wanaijua amilorayidi kama dawa ya kukojoza. Hatukujua kwamba inaweza kuisimamisha seli isitembee!

Tuseme wazi, ili mtu asikimbilie hitimisho. Hizo ni seli za saratani kwenye kisahani, si mimba ndani ya mwanamke. Hakuna dawa ya kumpa mama leo ili vijilango vya kondo lake vifanye kazi vizuri zaidi. Lakini zamani tulisema tu "kondo limejishikiza vibaya", kama vile ni bahati. Sasa tunaanza kuona mitambo yenyewe.

Seli hizi zinaweza pia kukosea kwa kupita mpaka. Mahali penye kovu la upasuaji lile tabaka laini linaloziambia zisimame huwa limeharibika, nazo huzama ndani ya msuli, pengine hadi kwenye kibofu cha mkojo. Kondo la namna hiyo halibanduki, na kulivuta kwa nguvu ni kumuua mama. Ndiyo sababu mwanamke aliyewahi kupasuliwa hatumruhusu kujifungulia nyumbani, na hasa aliyepasuliwa zaidi ya mara moja. Na mara chache, hasa baada ya mimba ya zabibu, seli hizo hugeuka saratani na kusambaa hadi mapafuni. Ajabu ni kwamba saratani hiyo ni ya zile zinazopona vizuri kwa dawa. Min Chiu Li na Roy Hertz huko Marekani walionyesha hivyo mwaka 1956 kwa dawa ya methotreksati, nayo ingali ikitumika.

ZIKIISHIA NJIANI

Mwaka 1972 daktari Ivo Brosens wa Ubelgiji na wenzake Robertson na Dixon walieleza walichokiona kwenye ukuta wa mji wa mimba wa wanawake waliokuwa na shinikizo la damu la mimba pamoja na protini kwenye mkojo. Ile mishipa iliyosokotwa haikuwa imepanuka sawasawa. Seli za trofoblasti zilikuwa zimeishia juu juu, kabla ya kufika kwenye msuli. Mdomo wa mfongo ulibaki bomba.

Mwanzoni mama haoni kitu, kwa sababu mtoto ni mdogo na mahitaji yake ni madogo. Lakini miezi ikienda kondo huanza kutaabika. Linakosa hewa, linapigwa na damu yenye kishindo, nalo hutoa ndani ya damu ya mama vitu vinavyoidhuru mishipa yake mwili mzima. Kimojawapo kilitajwa mwaka 2003 na kundi la Ananth Karumanchi huko Boston, Marekani. Mishipa ya mama ikishadhurika hujibana na shinikizo hupanda, figo huvujisha protini, uso na mikono huvimba, ini huuma, ubongo huchokozeka, na mama anaweza kuanguka na kutupa viungo. Hicho ndicho kifafa cha mimba. Si kila shinikizo la mimba huanza kwenye kondo lililojishikiza vibaya. Lile linalokuja mwishoni kabisa mwa mimba mara nyingi lina sababu nyingine ndani yake, kama unene, kisukari, au shinikizo alilokuwa nalo mama tangu zamani. Lakini lile baya linalokuja mapema, kabla ya juma la 34, mara nyingi chanzo chake ni safari ile iliyokatika.

Msomaji ataona basi kwamba ugonjwa unaoonekana mwezi wa saba au wa nane ulianza mwezi wa pili au wa tatu, mama alipokuwa bado anatapika asubuhi. Hakuna aliyemroga. Hajavunja mwiko. Wala si kosa la mume au la mke. Tunalisema hili kwa sababu ya jambo lililotupata miaka ya mwanzo ya kazi yetu, na hatujalisahau.

Tulikuwa katika kituo kimoja kidogo. Siku ya kliniki wajawazito walikuwa wengi, sisi wauguzi wawili, na mashine ya kupimia shinikizo ilikuwa imeharibika tangu juma lililotangulia. Tuliwapima uzito, tukapapasa matumbo, tukawapa vidonge vya damu, na jioni ikafika. Kati yao alikuwepo binti wa miaka 19, mimba yake ya kwanza, amevimba uso kidogo. Alituambia kichwa kinamuuma. Tukampa panado, tukamwambia arudi mwezi ujao. Baada ya siku tano akaletwa juu ya kitanda cha kamba. Alikuwa ameanguka usiku mara tatu. Mama mkwe wake, mama mwenye heshima zake na aliyempenda mkwewe, alitueleza kwamba walidhani ni mapepo, wakampeleka kwanza kwa mganga, na huko walikaa hadi saa nane mchana. Tulichukua mkojo, tukauchemsha kwenye tyubu juu ya moto kama tulivyofanya siku hizo. Ukaganda mweupe kama ute wa yai.

Tulimpa diazepamu, ndiyo dawa tuliyokuwa nayo, tukatafuta gari. Yeye alipona. Mtoto alizaliwa amekufa. Yule mama mkwe alilia akisema, "Mwanangu, ni mimi niliyemchelewesha." Hatukuwa na la kumjibu, maana tulijua kwamba kabla ya mganga alipitia mikononi mwetu.

DAWA INAYOSIMAMA MLANGONI

Tangu wakati huo mengi yamebadilika. Mwaka 1995 utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa ulionyesha kwamba magnesiamu salfeti inazuia kifafa kisirudi vizuri zaidi kuliko diazepamu. Mwaka 2002 utafiti mwingine, ulioitwa Magpie, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba ikitolewa kabla kifafa hakijaanza hupunguza hatari yake kwa zaidi ya nusu. Ni dawa ya bei ndogo, chumvi tu iliyoyeyushwa. Kina mama wanaijua kwa sababu sindano zake za makalio zinauma, na ikiingia kwenye mshipa huhisi joto mwili mzima.

Na hapa tunarudi kwenye vijilango. Magnesiamu ni jamaa wa kalsiamu. Husimama kwenye vijilango ambavyo kalsiamu ingepita, katika neva na katika ubongo, na hivyo kuzituliza seli zilizochokozeka. Nifedipini, kidonge tunachotumia kushusha shinikizo la mjamzito, nayo hufunga vijilango vya kalsiamu kwenye nyama ya mishipa, mishipa ikalegea. Ukimwona muuguzi anamgongagonga mgonjwa goti kwa kinyundo, anahesabu pumzi zake na kupima mkojo kwenye mfuko, usidhani anapoteza wakati. Anaangalia kama magnesiamu haijazidi. Ikizidi, goti haliruki, kisha pumzi hupungua. Dawa ya kuiondoa ni sindano ya kalsiamu glukoneti, nayo lazima iwe tayari kwenye trei tangu mwanzo. Mlango uliozibwa na mmoja hufunguliwa na ndugu yake.

Magnesiamu hata hivyo haiponyi ugonjwa wenyewe. Ugonjwa huisha kondo likitoka. Ndiyo maana mara nyingine daktari huamua mtoto azaliwe kabla ya wakati, na ndugu hushangaa au hukasirika. Tunawaelewa. Lakini kumsubirisha mama aliyefikia hali hiyo ni hatari kwake na kwa mtoto.

MASWALI MNAYOTULETEA

Watu wakisikia habari za ayoni na chumvi huuliza kama mjamzito aache chumvi ya chakula ili asipate ugonjwa huu. Hapana. Tafiti zimeonyesha kwamba kumnyima mjamzito chumvi hakuzuii kifafa cha mimba. Ale chakula chenye chumvi ya kawaida, yenye madini joto. Mwenye shinikizo tangu zamani afuate maelezo ya daktari wake.

Kalsiamu ni habari nyingine. Mahali ambapo watu hula kalsiamu kidogo, vidonge vyake hupunguza hatari ya ugonjwa huu, na Shirika la Afya Duniani hupendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku. Tatizo ni kwamba hivyo ni vidonge vitatu au zaidi kila siku, vikubwa kama maharage, na kina mama huchoka. Tunafurahi kwamba jibu moja lilipatikana hapa hapa kwetu. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Bangalore, India, ukiwa na wanawake 11,000 katika kila nchi, ulitangazwa mwaka 2024: kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa siku hakikuwa dhaifu kuliko vitatu katika kuzuia kifafa cha mimba. Uliza kliniki kama vipo. Kisitumiwe pamoja kwa wakati mmoja na kidonge cha damu, kwa maana kalsiamu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Kimoja asubuhi, kingine jioni. Na chakula kisisahauliwe. Maziwa, mtindi, mboga za majani, na dagaa walioliwa pamoja na mifupa yao wana kalsiamu nyingi. Tumeona familia zenye ng'ombe wa maziwa zikiuza lita zote na mjamzito akabaki na chai ya rangi. Baba wa nyumba alitazame hilo.

Aspirini ya kiwango kidogo husaidia wale walio katika hatari kubwa: aliyewahi kupata kifafa cha mimba, mwenye shinikizo, kisukari au ugonjwa wa figo, mwenye mimba ya mapacha. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba ikianzwa kati ya juma la 11 na la 14 kwa wanawake waliopimwa na kuonekana wana hatari, ule ugonjwa mbaya wa mapema hupungua kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo asiinunue mtu dukani kwa kusoma ukurasa huu. Kuna wanaodhurika nayo, na kiwango lazima kipangwe na mtaalamu.

Dalili ambazo hazingoji siku ya kliniki ni kichwa kuuma sana bila kupoa, macho kuona ukungu au nyota nyota, maumivu chini ya kifua upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, mkojo kuwa kidogo, na mtoto kupunguza kucheza. Miguu kuvimba jioni peke yake ni kawaida kwa wajawazito wengi. Shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi baada ya juma la 20 si la kupuuza hata kama mama anajisikia mzima. Mama akianguka na kutupa viungo, mlazeni kwa ubavu wa kushoto, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, msimpe dawa ya kunywa, na safari ya hospitali ianze saa ile ile. Mkienda kliniki na msipopimwa shinikizo au mkojo, ulizeni kwa adabu kwa nini. Kama mashine ni mbovu, nendeni kituo kingine siku hiyo hiyo. Sisi wenyewe tunawaruhusu mtuulize.

Hatari haiishi siku ya kujifungua. Kifafa kinaweza kuja baada ya mtoto kuzaliwa, zaidi katika siku mbili za kwanza, lakini hata baada ya juma moja na zaidi. Kwa hiyo mzazi aliyekuwa na shinikizo apimwe tena siku ya 3, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena juma la 6, hata kama yuko ndani ya arobaini na mila inamtaka asitoke. Muuguzi wa kijiji anaweza kuitwa nyumbani.

Na kadi ya kliniki ya mimba iliyopita isitupwe wala isipewe watoto kuchezea. Yule binti wa kitanda cha kamba alipopata mimba nyingine alitujia nayo mkononi mapema, hedhi ikiwa imepita mara mbili tu, akaifungua kwenye ukurasa wenye maandishi mekundu na kusema, "Sista, safari hii nipimeni kila nikija." Tulimpima. Mtoto huyo sasa ni mtu mzima. Wanawake wa namna yake tunawaomba waje kabla ya juma la 12, maana seli zile huwa tayari ziko njiani.